MBOGA NZURI JUU YA UDONGO MBAYA

Wafanyakazi wapenzi, na ninyi akina mama mnaosoma ukurasa huu kiisha bwana kuuleta nyumbani,

Leo nina deni la kulipa kwenu. Nilipoanza kuandika kwenye ukurasa huu wa usalama na afya, niliwapa shauri moja fupi: mboga zinazolimwa karibu na mabaki ya mgodi zioshwe mara tatu kwa maji safi, kiisha ziliwe bila wasiwasi. Watu wengi walilipenda shauri hilo kwa sababu lilikuwa rahisi.

Siku moja mama mmoja alishuka Kalemie kutoka kambi ya machimbo kumleta mtoto wake kuchanjwa. Mkononi alikuwa na fungu la lengalenga la kutuletea sisi wa dispansari. Akaniambia: «Mganga, ninaziosha mara tatu kama ulivyoandika. Basi ni sawa?» Nikamwuliza analima wapi. Akajibu kwamba analima chini ya terili, pahali matope ya kiwandani yalipokauka, maana ni tambarare, hapana mwenyewe, na maji hayako mbali. Zile lengalenga zilikuwa na majani mapana na rangi nzuri. Ungeziona sokoni, ungenunua.

Nilitaka kumjibu «ndiyo» nimalize kazi. Nilishindwa. Niliona kwamba neno nililoliandika lilikuwa nusu ya kweli, na mama huyu alikuwa analisha watoto wake juu ya nusu ile. Kwa hiyo leo ninaandika nusu iliyobaki.

KUOSHA KUNATOA NINI?

Kuosha ni kuzuri. Msiache kuosha. Maji yanatoa vumbi lililokaa juu ya jani, na vumbi la mgodi linaweza kubeba risasi, aseniki, kobalti na vyuma vingine. Risasi, kwa mfano, kwa kawaida haipandi sana kutoka mzizi kwenda kwenye jani. Nyingi inabaki kwenye mizizi, na ile ya majani mara nyingi ni vumbi lililoletwa na upepo au udongo uliorushwa na mvua. Hapo kuosha kunasaidia kweli.

Lakini mmea haukai juu ya udongo kama kikombe juu ya meza. Mmea unakunywa. Mzizi unavuta maji, na ndani ya maji mna kila kitu kilichoyeyuka: chakula cha mmea, na sumu pia. Kadimiamu, zinki na kobalti vinaweza kupanda pamoja na maji mpaka ndani ya jani. Kilichofika ndani ya jani hakiondoki kwa kuosha mara tatu, hata mara kumi. Wala hakiondoki kwa kupika. Moto unaua vidudu vya tumbo, lakini chuma hakifi. Unaweza kuchemsha sombe kutoka asubuhi mpaka saa sita, kadimiamu iliyokuwa ndani itabaki ndani ya sufuria, na kutoka sufuriani itaingia sahanini.

Hiyo ndiyo nusu ambayo sikuwaambia.

MMEA MZURI SI SHAHIDI

Kuna jambo la pili linalotudanganya, na linadanganya hata watu wenye masomo. Tunasema: «Kama udongo ungekuwa na sumu, mboga zingekufa. Tazama zilivyonawiri!»

Kwa shaba, neno hilo lina ukweli kidogo. Shaba ikizidi, mmea unaumia mapema: mizizi inakuwa mifupi, majani yanageuka manjano, mmea unadumaa. Mara nyingi mboga inakufa kabla haijakusanya shaba ya kumdhuru mtu anayeila. Na zinki ni karibu hivyo hivyo. Lakini kadimiamu haina tabia hiyo. Kiasi kisichousumbua mmea hata kidogo kinaweza kumsumbua mtu anayeula kila siku. Jani linabaki bichi na pana, na sumu imo ndani kimya. Kwa hiyo, uzuri wa mboga usiwe ushahidi wa udongo wake.

Wazee wetu wa Katanga walijua kwamba mimea inasema habari za ardhi. Kwenye vilima vya shaba vya asili, kule Fungurume na Likasi na pengine, miti mikubwa haioti. Unaona majani na maua mafupi tu katikati ya pori. Mbelgiji Paul Duvigneaud, mtaalamu wa mimea, aliyachunguza maua hayo katika miaka ya 1950. Moja linaitwa kwa jina la kitaalamu Haumaniastrum katangense, na watu wa jiolojia wamelijua kama ua la shaba, maana mahali linapoota kwa wingi, mara nyingi udongo una shaba. Mimea hiyo imezoea ardhi ya namna ile kwa muda mrefu sana. Lengalenga yetu haikuzoea. Na sisi wala mboga hatukuzoea hata kidogo.

MAMBO YALIYOKWISHA KUONEKANA

Pengine mtu atasema: hayo ni maneno ya vitabu. Basi tutazame yaliyopatikana kwa watu.

Tuanze karibu. Lubumbashi ilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Upande ambako upepo ulikuwa unapeleka moshi wa kiwanda, pahali panapoitwa Penga Penga, miti ilikufa, udongo ukawa mkali kwa asidi na kujaa shaba, mvua ikauchukua, ardhi ikabaki wazi. Moshi ule haukuchagua nyumba ya mkubwa wala nyumba ya mdogo.

Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwamo Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa wakaaji wa kusini mwa Katanga. Watu waliokaa chini ya kilometa 3 kutoka mgodi au kiwanda walikuwa na kobalti nyingi kuliko wale waliokaa mbali zaidi, na nyingi kabisa kuliko watu wa vijiji vya mbali na migodi. Na watoto walikuwa wanawapita wakubwa. Angalieni vizuri: hawakuchagua watu wa shimoni. Walipima watu wa kawaida mitaani. Mwaka 2014 kazi nyingine ikatafuta njia ambayo kobalti inapitia. Ikaonyesha njia mbili kubwa: chakula kinacholimwa kwenye udongo ule, hasa mboga, na vumbi ambalo watoto wanaingiza mdomoni kwa mikono yao.

Vuka mpaka uende Zambia. Kule Kabwe palikuwa na mgodi wa risasi na zinki, uliofungwa 1994. Wafanyakazi waliondoka, mashine zilinyamaza, lakini risasi haikuondoka. Miaka zaidi ya 30 imepita, na bado inapatikana ndani ya udongo wa nyua na ndani ya damu ya watoto ambao wazazi wao hawakuwahi kuingia mgodini. Hata kuku wanaotembea na kudonoa pale wamepimwa wakakutwa na risasi. Hilo linatufundisha kwamba mgodi ukifungwa, kazi ya usalama bado haijaisha.

Nenda Uganda, Kilembe, kwenye miguu ya milima ya Rwenzori. Shaba ilichimbwa pale tangu 1956 mpaka 1982. Mabaki yalilundikwa karibu na mto Nyamwamba. Mto ukijaa, kama ulivyojaa kwa nguvu mwaka 2013, unakula kandokando na kubeba udongo kwenda chini, wanakoishi na kulima watu.

Na mfano wa mwisho unatoka mbali, Japani, lakini ni mwalimu mkubwa. Katika jimbo la Toyama, maji machafu ya mgodi wa Kamioka yaliingia mto Jinzu, na wakulima walitumia mto huo kunywesha mashamba ya mpunga. Mpunga uliota, watu wakala. Kiisha miaka mingi, watu, hasa wanawake wazima waliozaa watoto wengi, wakaanza kuumwa mifupa kwa ukali, hata mifupa kuvunjika kwa sababu ndogo tu. Ugonjwa ukaitwa itai-itai, maana yake kama mtu anayelia «inauma, inauma». Mwaka 1968 serikali ya Japani ilikubali rasmi kwamba chanzo ni kadimiamu ya mgodi. Wanawake wale hawakufanya kazi mgodini. Kosa lao lilikuwa kula wali.

SUMU HIZI ZINAFANYA NINI MWILINI?

Sitaki kuwatisha, ila mjue mnachokilinda.

Risasi inamharibu zaidi mtoto. Inagusa ubongo unaokua: mtoto anachelewa kusema, anashindwa kushika masomo, hatulii, damu yake inapungua. Ikiwa ndani ya mwili wa mama mwenye mimba, inavuka na kumfikia mtoto tumboni. Waganga wa dunia hawajaona kiasi cha risasi kinachoweza kuitwa salama kwa mtoto. Kule Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, jamaa zilikuwa zinasaga mawe ya dhahabu yenye risasi nyumbani, na watoto zaidi ya 400 walikufa.

Kadimiamu inakaa ndani ya figo. Haitoki upesi: inachukua miaka 10 mpaka 30 nusu yake kuondoka. Kwa hiyo kidogo cha kila siku kinajumlishwa, kama mtu anayeweka akiba ya ubaya. Figo zikichoka, na mifupa inadhoofika.

Aseniki inaharibu ngozi na, kwa miaka mingi, inaweza kuleta kansa. Kobalti kidogo sana mwili unaihitaji, lakini ikizidi mno inaweza kusumbua moyo na tezi ya shingoni.

Magonjwa haya hayaji kwa kelele. Hakuna homa ya usiku mmoja kama malaria, hakuna damu kama mtu aliyepigwa na jiwe. Ndiyo maana hapa dispansari hatuyaoni kwa macho. Mtoto analetwa kwa kuhara, tunatibu kuhara. Analetwa kwa upungufu wa damu, tunatoa dawa ya damu. Hatumwulizi mama analima wapi. Mimi mwenyewe nilikuwa simwulizi. Tangu siku ya zile lengalenga, ninauliza.

KWA NINI MAMA ANALIMA PALE?

Hapa ndipo maoni yangu yanapoachana na maoni ya watu wengine wa usalama. Wengine wanasema: wekeni uzio, wekeni mlinzi, mama atakayekamatwa juu ya matope atozwe faini. Mimi ninakataa. Si kwa sababu uzio ni mbaya, uzio unahitajiwa. Ninakataa kwa sababu uzio peke yake unamtendea mama kama mwizi, na mama huyu hakuiba kitu. Anatafuta mboga ya kulia bukari.

Fikirini hali yetu. Maji ya ziwa Tanganyika yalipanda 2020 na 2021, na tena 2024. Hapa Kalemie watu waliona nyumba zao zikisimama ndani ya maji, na bustani za kando ya ziwa na za mabonde zikazama. Mtu aliyekuwa na matuta mazuri pale chini alipanda juu kutafuta ardhi. Wengine wamefuata ndugu zao walioajiriwa machimboni. Kwenye kambi, ardhi nzuri ina wenyewe. Ardhi isiyo na mwenyewe ni ile ya terili na matope. Tena matope yaliyokauka ni laini, hayana visiki, jembe linaingia vizuri. Yanamwita mkulima.

Kwa hiyo ukimwondoa mama pale bila kumwonyesha pahali pengine, atarudi usiku, ama atasogea hatua 50, nje ya uzio tu, ambako mvua inashusha mabaki yale yale. Ama ataacha kulima, na watoto watakula bukari na chumvi. Na mtoto asiyekula vizuri anaumizwa na sumu hizi zaidi: tumbo lenye upungufu wa madini mazuri ya chakula linavuta risasi na kadimiamu kwa wingi. Hivyo njaa na sumu ni ndugu, zinasaidiana kazi.

Ninasema basi, shamba safi kwanza, uzio baadaye. Kampani inayojua kutafuta pahali pa kumwaga mabaki inaweza pia kutafuta pahali pa bustani: juu ya upepo, juu ya mtelemko, mbali na barabara ya magari ya mawe. Delege wa wafanyakazi waliweke jambo hili mbele ya komite ya usalama pamoja na kaske na bote. Mboga ya mfanyakazi ni chombo cha usalama kama kaske yake.

UDONGO UPIMWE

Jambo la pili ninaloomba ni kupima. Si kila mabaki yana sumu ile ile, na si haki kutisha watu bure. Mabaki ya bati ya Manono si sawa na mabaki ya shaba na zinki ya Kipushi, na mawe meusi yanayobaki penye makaa, kama makaa ya mawe yaliyochimbwa zamani kule Makala, yana tabia yao nyingine. Mara nyingi mawe ya makaa yana madini ya salfa ambayo yakikutana na hewa na maji yanatoa asidi, na asidi inayeyusha vyuma. Macho hayawezi kutenganisha. Ulimi hauwezi. Ni laboratwari tu.

Udongo upimwe, mboga zipimwe, maji ya kunyweshea yapimwe, na watoto wa kambi wapimwe damu na mkojo. Na matokeo yasifungwe kabatini. Yabandikwe kwenye mlango wa dispansari, kwa Kiswahili, watu wasome. Kama pahali ni pazuri, tutalima kwa furaha. Kama ni pabaya, tutajua kwa nini tunahama.

Na yale mabaki yafunikwe. Penga Penga penyewe pametufundisha jambo: watafiti wa Lubumbashi walijaribu kufunika udongo ule mtupu kwa nyasi za vilima vya shaba, hasa moja inayoitwa Microchloa altera, wakisaidia udongo kwa chokaa na mbolea ya majani. Nyasi ilishika. Haikuondoa shaba, lakini inaishikilia chini, upepo usiipeleke nyumbani na mvua isiipeleke mtoni. Ndiyo kazi ya mmea juu ya mabaki: kuwa kifuniko. Hauwi chakula, si cha mtu wala cha mbuzi.

YA KUFANYA NYUMBANI TANGU LEO

Najua komite haikutani kesho, na chungu kinataka mboga leo. Basi shikeni haya:

1. Msilime chakula juu ya terili, juu ya matope yaliyokauka, wala pahali maji ya mvua yanapotoka huko na kutulia. Kama mnalima pale sasa, anzeni kuhama na mboga za majani kwanza.

2. Jueni mboga inayovuta zaidi. Kwa kawaida majani yanakusanya kuliko matunda na mbegu. Lengalenga, sombe, matembele na kabichi zipewe udongo ulio safi kuliko wote. Mizizi kama mihogo na viazi inakaa ndani ya udongo wenyewe, kwa hiyo nayo ioshwe na kumenywa vizuri. Mahindi, maharagwe, nyanya na matunda ya mitini kwa kawaida hubeba kidogo zaidi. Lakini kumbukeni mpunga wa Japani: hiyo ni kanuni ya kupunguza hatari, si ruhusa ya kulima terili.

3. Asiye na ardhi safi alime ndani ya magunia au matuta ya kuinua. Lete udongo mzuri kutoka mbali na machimbo, uchanganye na mbolea ya majani yaliyooza, ujaze gunia. Gunia moja mlangoni linaweza kutoa lengalenga kwa nyumba ndogo.

4. Mbolea ya majani na chokaa vinasaidia udongo wenye asidi: vinafunga shaba, zinki, kadimiamu na risasi zisiyeyuke kwa wepesi. Chokaa haiko mbali nasi, maana Kabimba, kusini yetu kando ya ziwa, ina mawe ya chokaa yanayotengeneza saruji. Lakini msimwage chokaa kwa kukisia. Kama udongo una aseniki, chokaa inaweza kuifungua badala ya kuifunga. Ndiyo sababu nyingine ya kupima kwanza.

5. Mboga zote zioshwe, kama nilivyosema zamani. Sasa mnajua kuosha kunatoa vumbi tu.

6. Baba, acha salopeti na bote kazini. Kama hapana pahali pa kuziacha, vua nje ya mlango, zifuliwe peke yake, si pamoja na nguo za mtoto. Oga kabla ya kumbeba mtoto. Usilete mawe ya kazi kusaga wala kuosha uani.

7. Watoto wanawe mikono kabla ya kula, na wasichezee terili. Najua terili ni kilima kizuri cha kuteleza. Mwambie mtoto sababu, usimpige tu.

8. Kuku na mbuzi wasilishwe juu ya mabaki. Linaloingia tumboni mwao linarudi kwenu kwa yai na kwa nyama.

9. Lisheni watoto vizuri. Ndagala waliokaushwa, wanaoliwa pamoja na mifupa yao, wana madini ya kujenga mifupa. Maharagwe na nyama kidogo vinasaidia damu. Mwili ulioshiba madini mazuri unafungia mlango yale mabaya, ingawa haufungi kabisa.

10. Mama mwenye mimba na mwenye kunyonyesha, njoo dispansari, useme unalima wapi na mnakunywa maji gani. Hutatozwa kitu kwa kusema.

MANENO YANAYOSIKIKA

Kuna wazee wanaosema: «Sisi tulilima pale miaka 20, na tuko hapa.» Ninawaheshimu wazee. Lakini waliopo ndio wanaosema, walioondoka hawasemi. Tena hatujui kama yule mzee anayeumwa figo leo, ama yule mtoto aliyerudia darasa mara tatu, si jibu la swali hilo. Hakuna aliyepima.

Kuna wengine wanaosema: «Mganga, wewe unakula mshahara wa kampani, mbona unasema hivi?» Ninajibu: kampani inanilipa nilinde afya ya wafanyakazi na jamaa zao. Kama ningenyamaza ndipo ningekula mshahara wa bure. Na mkubwa wa kazi naye ana watoto, na sokoni hakuna mboga iliyoandikwa jina la shamba lake. Fungu linalotoka chini ya terili linaweza kufika kwenye meza ya mtu yeyote.

Yule mama wa lengalenga nilimjibu hivi mwisho: «Mama, mimi ndiye niliyekosa. Kuosha hakutoshi. Usiendelee kulima pale.» Hakukasirika. Aliniuliza neno moja tu: «Basi nilime wapi?»

Nilimfundisha bustani ya magunia, nikamchorea kwenye karatasi. Lakini gunia si shamba, na nyumba yake ina watoto 6. Swali lake bado liko mezani, na si mimi peke yangu ninayedaiwa jibu. Ninalipeleka kwa delege wenu, kwa komite ya usalama, na kwa wakubwa wa kazi wanaosoma ukurasa huu: mama alime wapi?

Mpaka jibu lipatikane, wapenzi, kumbukeni kwamba uzuri wa jani hauonyeshi usafi wa udongo wake, na kwamba maji yanaosha nje tu. Kabla hujaweka mbegu, jiulize ardhi hiyo imekunywa nini.

Msaidizi wa mganga,
Dispansari ya kampani, Kalemie